Jina la Ledlow Ndani ya Kabati

Binti aliyekaa kiti cha mbele kanisani siku ya mazishi ya Hoyt Ledlow hakuwa mwanawe wa nje, wala hakuwa hawara yake. Alikaa pale kwa sababu mjane wa marehemu, Bi. Ardith, alimshika mkono mwenyewe akamkalisha. Wahenga husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halipo, na haliji. Watu wa Larkin wamelitafuna mwaka mzima pamoja na mkate wao wa mahindi, na kwa kuwa wengi wao walifundishwa kusoma na huyo huyo Bi. Ardith, wasome basi.

Hoyt alizaliwa mwaka 1936, mtoto wa tano wa mkata magogo, katika ukoo uliokaa Larkin kabla reli haijafika Alabama ya kaskazini. Baba yake hakuacha shamba kubwa wala duka. Aliacha jina ambalo mtu angeweza kulitaja benki bila kuinamisha uso, na Hoyt alilichukua hivyo hivyo, kama mtu anavyopokea yai mkononi.

Kiwanda cha nyumba kilipofunguliwa, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandikwa. Nyumba za Larkin hazijengwi kiwanjani. Hujengwa kwenye mstari, chini ya paa moja refu, juu ya fremu ya chuma yenye magurudumu, nusu mbili mbili. Malori huzivuta hadi majimbo ya mbali, na huko nusu hizo huunganishwa zikawa nyumba moja. Hoyt alikuwa mtu wa mwisho kwenye mstari. Kabla ya kumfikia yeye, ilikuwa mbao, mabati na nyaya. Ikishampita, ilikuwa nyumba.

Kazi yake ilikuwa kukagua na kubandika kibao. Serikali ilitaka kila nusu iwe na kibao chake chekundu cha alumini, kipana kama kiganja, chenye namba isiyofanana na nyingine yoyote nchini. Kilipigwa ukutani nje, upande wa nyuma panapofungwa taa kama za mkia wa lori, kwa misumari minne mifupi ya kubana, ile iitwayo riveti. Maana ya kibao ni kwamba nusu hii imepimwa na watu wanaweza kulala ndani yake. Pasipo kibao hicho nyumba haiuziki wala haipati bima. Ndani, kwenye kabati la nguo, ilibandikwa karatasi yenye jina la kiwanda, mji, tarehe, na nguvu ya upepo ambao paa linaweza kuuhimili.

Kabla ya kupiga riveti Hoyt alipangusa ukuta kwa leso yake. Wenzake walimcheka.

"Mchungaji Ledlow anabatiza tena!" Clovis Hargett alikuwa akipiga kelele. Clovis ndiye aliyepima mabomba ya gesi, na mdomo wake haukujua likizo. "Mzamishe kabisa, Mchungaji, asije akarudi dhambini!"

Ilikuwepo desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Watu wa mwisho wa mstari walitia jina lao kwa penseli ndani ya kabati la nguo, juu ya ile karatasi, mahali ambapo mwenye nyumba hangeangalia. Hoyt aliandika neno moja tu: Ledlow. Aliliandika kwa herufi za kuunganisha, nzuri, alizofundishwa ukubwani na mkewe.

Basi tufike siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, tarehe kumi na nane Novemba 1983. Anayeijua Larkin haambiwi siku hiyo ni siku gani: ni mkesha wa kufunguliwa msimu wa kulungu. Jumamosi alfajiri hakuna mwanamume mjini, wote wako msituni na bunduki, na Ijumaa saa sita mchana kiwanda hubaki kama kanisa siku ya Jumatatu. Malori lazima yaondoke kabla. Wiki hiyo riveti za kawaida zilikuwa zimekwisha, na mtunza stoo alikuwa ameleta boksi moja la riveti za rangi ya shaba. Zilitumika siku tano tu, hazikuonekana tena.

Nusu ya mwisho ilipomfikia Hoyt, bomba lake la gesi lilikuwa halijapimwa. Kulipima kunataka geji na dakika kumi. Unajaza hewa kwenye bomba, unaangalia sindano. Ikishuka, gesi itavuja. Geji ilikuwa kwa Clovis, na Clovis alikuwa amekwisha kwenda msituni, geji ndani ya gari lake. Dereva wa lori alikuwa akipiga honi mlangoni. Hoyt alisimama na kibao mkononi. Kisha akapangusa ukuta kwa leso, akapiga riveti nne za shaba, akaingia ndani akaandika jina lake, akafungua mlango mkubwa.

Alijiambia Jumatatu atampigia simu muuzaji wa Arkansas aliyeinunua nyumba ile. Jumatatu akasema Jumanne. Mwanamume ambaye hajawahi kukosea hana mazoezi ya kuungama.

Miaka kumi na minane ikapita. Kiwanda kikafungwa, Hoyt akastaafu, akapanda nyanya na kuimba besi kwaya ya Kibaptisti. Tarehe kumi na nane Novemba 2001 Hoyt akakuta bahasha kwenye sanduku la posta. Juu yake paliandikwa: Ledlow, Larkin, Alabama. Muhuri ulikuwa wa Arkansas. Hapakuwa na barua. Hoyt aliikung'uta juu ya kitambaa cha meza, kikadondoka kitu kidogo, kikaviringika hadi kwenye sahani ya mkewe.

"Nini hicho?" Ardith akauliza.

"Riveti."

"Naona ni riveti, Hoyt. Nimeolewa nawe miaka arobaini. Nauliza imetoka wapi."

Ilikuwa ya shaba, kichwa chake kimekatwa kwa keekee. Hoyt akaweka uma chini. Ndipo akamweleza yote, na Ardith, aliyekuwa amewasikiliza watoto wa darasa la nne wakidanganya kwa miaka thelathini na mmoja, akajua kwamba anasikia kweli.

"Umenilaza na siri hii miaka kumi na minane?"

"Nilidhani itakufa."

"Siri haifi, mume wangu. Inakaa inangoja mtu wa posta."

"Kuna watu mle ndani, Ardith," Hoyt akasema. "Kuna watoto wanalala mle. Mtu ananiambia kitu, nami sijui kama ananiambia bado hawajafa au ananiambia wamekufa."

Kesho yake waliwasha gari wakaenda Arkansas. Jina la muuzaji Hoyt alikuwa nalo kichwani, halikuwahi kumtoka; na kwa muuzaji walielekezwa barabara ya udongo yenye misonobari. Mwisho wa barabara hapakuwa na nyumba. Palikuwa na matofali ya zege yamepangwa safu, na katikati yake mstatili mrefu wa ardhi kavu, nyeupe kama uso wa mgonjwa, ambapo nyasi hazikuota miaka yote hiyo kwa kuwa nyumba ilikuwa imezilalia. Umbo lake lilikuwa kamili. Hoyt alitambua pembe ya jiko. Alitembea ndani ya ule mstatili kama anayekagua, akasimama palipokuwa chumba cha nyuma, akatazama chini.

Jirani, mzee mwenye kuku wachache, alikuja hadi kwenye uzio.

"Mnawatafuta kina Crumpton? Wamehama. Na nyumba yao, na kila kitu. Kijana wao ana lori la kuvutia."

"Wote wazima?" Hoyt akauliza.

"Mama yao tulimzika mwezi wa tatu."

Hoyt akashika nguzo ya uzio. "Aliugua nini?"

"Mimi ya watu siulizagi." Mzee akamtazama vizuri. "Kwani we nani, bwana?"

"Naitwa Ledlow."

Yule mzee akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. Mkono wenye mahindi ya kuku ukabaki umefumba.

"Ledlow wa kabatini?" akasema kwa sauti ya chini. Hakungoja jibu. Aliingia ndani mwake, na waliusikia mlango ukifungwa kwa komeo, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Njia nzima ya kurudi Hoyt alishika usukani kwa mikono miwili. Ardith alisema jambo moja tu, walipovuka mto mkubwa: kwamba jina la Ledlow halijawahi kumfungia mtu mlango, na kwamba atapenda kujua ni nani aliyelitumia vibaya.

Riveti ya pili ilikuja mwaka uliofuata, tarehe ile ile. Muhuri ulikuwa wa Mississippi, upande huu wa mto. Walikwenda tena, wakaukuta mstatili mwingine, lakini huu nyasi zake zilikuwa za manjano tu, hazijafa. Mwanamke wa duka la petroli alipomuuliza Hoyt jina, Hoyt, kwa mara ya kwanza maishani, akataja la uongo. Alisema anaitwa Jones, na masikio yakamwiva.

"Basi Bwana Jones, umewakosa kidogo," mwanamke akasema. "Wana nusu nyumba tu, maskini. Nusu nyingine upepo uliichukua zamani, kule walikotoka. Wameondoka nayo. Wameelekea huku mnakotokea ninyi."

Ya tatu ilipofika, muhuri ulikuwa wa mji ulio mpakani, mwendo wa saa moja kutoka Larkin. Ardith akachukua funguo za gari. Hoyt hakuinuka kitini.

"Twende, Hoyt. Hapa ni karibu."

"Ya nini? Inakuja yenyewe."

Tangu hapo akawa anakaa barazani, uso umeelekea magharibi. Kila lori lililovuta nyumba barabarani alilihesabia magurudumu. Chakula alikigusa tu. Kwayani akaomba apumzishwe. Clovis Hargett, ambaye alikuwa amezeeka bila mdomo wake kuzeeka, alipita kumtania.

"Umekonda, Mchungaji. Siku hizi suruali ndiyo inakutembeza wewe."

"Clovis, ile geji yako bado unayo?"

"Ninayo. Kwani unataka kumpima nani presha, Mwalimu Ardith? Atakuchapa."

"Iweke karibu," Hoyt akasema.

Tarehe kumi na nane Novemba 2004, bahasha ya nne ililetwa na mtu wa posta aliyewafahamu kwa majina. Muhuri ulikuwa wa Larkin. Hoyt alikuwa bado ameishika, haijafunguliwa, Clovis alipoingia uani na gari lake, kofia mkononi.

"Hoyt. Kuna nusu nyumba kiwandani."

"Upande gani?"

"Mlango wa mwisho. Pale pale ulipokuwa ukisimama. Na sijui nikwambieje, ndugu yangu, lakini imeingizwa kinyumenyume. Kama inayotaka kurudi ndani."

Clovis aliwapa geji, pampu ya baiskeli na mkoba wa spana. Mwenyewe hakwenda, alisema mgongo unamsumbua. Hoyt na mkewe walifika kiwandani saa sita na robo. Jua lilikuwa utosini lakini ukungu wa Novemba ulikuwa haujanyanyuka, na lile paa refu la kiwanda lilianza na kuishia ndani ya ukungu.

Nusu ile ilisimama juu ya magurudumu yake. Upande uliokuwa wazi, ule ambao ungeungana na mwenzake, ulifunikwa kwa nailoni nyeupe kutoka paa hadi sakafu. Hapakuwa na upepo. Hata hivyo nailoni ilikuwa ikiingia ndani polepole, ikatulia, ikatoka nje polepole, ikatulia. Ardith aliitazama mpaka akajikuta anapumua nayo, akaacha.

Hoyt alikwenda nyuma, penye taa. Ukutani palikuwa na umbo la kibao, mahali ambapo rangi ya ukuta haikupata kuchujuka kwa jua, na matundu manne. Kibao hakikuwepo.

Mlango ukafunguka. Kijana mrefu mwenye mikono ya dereva alisimama kando, na mbele yake msichana wa miaka ishirini na minne hivi, mwembamba, nywele amezifunga kwa kitambaa.

"Habari za mchana," Hoyt akasema.

Msichana akafumba macho.

"Ndiyo yenyewe," akasema. "Royce, umesikia? Ndiyo sauti yenyewe."

"Nimesikia, Lanelle," kaka yake akajibu, na rangi ilikuwa imemtoka midomoni.

Akafumbua macho akatabasamu, kama mtu anayempokea mjomba stesheni. "Umechelewa, Ledlow. Ingia. Ni kwako."

Ardith hakupenda mzee wa watu kuitwa hivyo, jina tupu, na alisema.

"Binti, huyu ni Bwana Ledlow."

"Samahani, mama. Hatukujua kama anaitwa Bwana."

Ndani palikuwa safi, pamepigwa deki. Kulikuwa na jiko la gesi jeupe, jipya kabisa, la mtindo wa miaka ishirini iliyopita. Juu yake palikuwa na jiko dogo la umeme, jeusi kwa masizi ya mapishi mengi. Lanelle aliwapeleka chumba cha nyuma akafungua kabati la nguo. Karatasi ya kiwanda ilikuwepo, imegeuka rangi ya chai. Juu yake, kwa penseli, lilikuwepo jina. Na kando, ubaoni, mistari midogo kutoka magotini kwenda juu, kila mmoja na tarehe yake.

"Mama alikuwa akitupimia hapa urefu," Royce akaeleza. "Alikuwa akisema, 'Haya, simameni kwa Ledlow.' Tulidhani kila nyumba ina wake."

"Mimi nilimsikia kabla sijajua kusoma," Lanelle akasema. Alisema bila kushusha sauti, jinsi mtu anavyotaja bei ya unga. "Nilikuwa na miaka minne. Ndiyo kwanza tumehamia. Siku hiyo alikuja mtu wa gesi, ana mtungi mkubwa, anataka kuunga bomba. Mimi nilikuwa nacheza kabatini. Ledlow akasema, 'Msiwashe.' Mara tatu. Nikatoka mbio nikamshika mama sketi."

"Alilia mpaka akatapika," Royce akasema. "Mama alikuwa mtu wa Pentekoste. Aliamini Mungu anaweza kumsemesha mtoto. Akamwambia yule mtu arudi na mtungi wake. Tumepika kwa umeme mpaka leo. Jirani walitucheka, halafu mmoja akaja akasogeza sikio kabatini. Hakucheka tena."

Hoyt alikuwa ameegemea ukuta. "Na mama yenu?" akauliza. "Mama yenu alikufa na nini?"

"Kansa," Royce akasema. "Ya matiti. Kwani vipi, mzee?"

Hoyt alivua kofia. Aliteremka taratibu mpaka akawa amekaa sakafuni, kofia juu ya magoti, na mabega yakamtikisika. Ardith aliwageuzia mgongo wale vijana ili kimo chake kimkinge, maana hakuna Ledlow aliyewahi kulia mbele ya wageni.

Alipopata sauti aliwaambia. Aliwaambia habari za msimu wa kulungu, honi ya lori, geji iliyokwenda msituni. Royce alisikiliza amekunja ngumi, kisha akaikunjua. Lanelle alikuwa akitikisa kichwa kana kwamba anasikia hadithi anayoijua mwisho wake.

"Ndiyo maana ulikuwa huwezi kutoka," akasema. Akatoa mfukoni kile kibao chekundu. "Mama alipokaribia kufa aliniambia, 'Ledlow ametulinda vya kutosha, mwacheni aende kwao.' Nikaona hiki ndicho kinachomshikilia. Nikatoa msumari mmoja kila mwaka, ukufikie siku yako iliyoandikwa kwenye karatasi, na kila mwaka Royce alitusogeza kidogo. Sikutaka utoke kwa ghafla. Mtu aliyekaa ukutani muda mrefu, ukimtoa ghafla ataumia."

"Nimemwambia ni wazimu," Royce akasema. "Nikamwambia nyumba isiyo na kibao si mali tena. Lakini nimevuta, jamani. Na nyie mngevuta."

Hoyt akainuka. Akavua koti. Umri ukamdondoka kutoka mgongoni kama gunia lililofunguka. Ardith alimwona tena yule mtu wa mwisho wa mstari. Alifunga bomba upande wa nje, akaunga geji, akapiga pampu. Sindano ikapanda ikasimama. Ardith alishika saa.

Haikumaliza hata dakika ya pili. Sindano ilianza kushuka, polepole, bila kusita, kama mtu anayeteremka ngazi anazozijua.

Hoyt akachanganya sabuni na maji kwenye kikombe, akapaka kila maungio kwa brashi. Nyuma ya jiko, ndani kabisa, povu likavimba jeupe, likakua kama jicho la chura, likapasuka, likavimba tena. Nati ile haikuwa imekazwa kwa spana. Ilikuwa imezungushwa kwa vidole tu, Ijumaa ile, na mtu aliyekuwa anawaza kulungu. Moto mmoja wa kiberiti asubuhi, watoto wakingoja uji, ungetosha.

Lanelle peke yake aligeuka akalitazama kabati, akaliinamishia kichwa kidogo, kama mtu anayeshukuru.

Hoyt alikaza nati. Akajaza hewa tena. Dakika kumi ni nyingi sana mtu akizingoja amesimama. Ukungu ulikuwa umesogea mpaka madirishani. Nailoni iliingia ndani, ikatoka nje. Dakika ya tano. Ya saba. Royce alikuwa anasali au anatukana, midomo ilicheza tu. Dakika ya tisa Ardith aliona kwamba nailoni imetulia, imening'inia wima kama shuka kwenye kamba, na chumba kizima kimekuwa kimya cha aina nyingine.

"Kumi," akasema.

Sindano ilikuwa pale pale.

Royce alileta mtungi mdogo wa gesi kutoka kwenye lori, akauunga. Lanelle aliliondoa jiko la umeme, akapangusa lile jeupe, akachukua kiberiti. Kisha akasimama na njiti mkononi, haijawashwa, uso ameuelekeza chumba cha nyuma.

"Ledlow," akasema. "Niwashe?"

Alingoja. Wote walingoja. Hoyt alikuwa kushoto kwake, karibu kumgusa, lakini hakuwa anamuuliza yeye wa kushoto. Ardith alimwona mumewe akifungua kinywa na kukifunga, kwa kuwa hakujua kama ni zamu yake.

"Washa, mwanangu," Hoyt akasema hatimaye.

Lanelle akawasha. Moto ukawa wa bluu, duara zima, ukawaka kwa sauti ndogo ya kuridhika. Wakapika kahawa, wakainywa wamekaa kwenye ngazi za nusu nyumba, na ilikuwa kali kama dawa.

Yaliyofuata mji mzima uliyaona, ndiyo maana mji mzima umeyapotosha. Kibao kikishatolewa hakirudishwi; hiyo ni sheria, na Hoyt hakuivunja mara ya pili. Nyumba haikuweza kuuzwa wala kupangishwa. Basi Ardith, ndiye Ardith na si mumewe, akasema iletwe kwenye ardhi ya Ledlow, nyuma ya bustani ya nyanya, na Royce akajenga ukuta palipokuwa na nailoni. Kila asubuhi Hoyt alivuka bustani kwenda kunywa kahawa kwa Lanelle, na mara nyingi Ardith alikuwa naye. Wenye macho ya kuchungulia waliziona asubuhi ambazo hakuwa naye. Alirudi kwayani. Alinenepa. Alikufa Februari 2006, usingizini, na aliyekuja kugonga dirisha la Ardith kabla hata hajajua kwamba ni mjane alikuwa Lanelle, akisema kabati limenyamaza.

Siku ile ya kwanza, kwenye ngazi, vikombe vikiwa bado vina mvuke, Lanelle alikuwa amemsogelea Ardith. Wanaume walikuwa wamekwenda kuangalia magurudumu.

"Mwalimu," alisema, "naomba kukuuliza. Miaka ile ya nyuma. Bwana Ledlow alikuwa akiongea usingizini?"

"Kahawa yako ni nzuri, binti."

"Alikuwa anasema nini?"

"Punguza maji kidogo tu," Ardith akajibu, na akasimama kukung'uta sketi.

Lanelle ana adabu, hakuuliza tena. Wengine hawana. Mke wa mchungaji wa kanisa ameuliza, Clovis Hargett ameuliza akiwa na machozi, mtu wa gazeti la wilaya ameuliza. Aliyelala kitanda kimoja na Hoyt Ledlow miaka arobaini na mitano anajua alichokisikia, mwaka gani, na mara ngapi. Hasemi. Hatasema.